Picha Isiyoonekana Tena



Muhula uliopita, siku moja ya mvua, niliwasimulia wanafunzi wa kidato cha tatu habari za picha moja ya sinema iliyochezwa na Wajapani huko Marekani katika mwaka wa 1916. Niliwatajia majina ya wachezaji, nikawaeleza kisa kilivyoanza na kilivyokwisha. Kijana mmoja ambaye wazee wake wanakaa Nakivale, naye husema Kiswahili kizuri kuliko changu, akasimama akauliza, "Mwalimu, picha hiyo umeiona?" Nikasema, "La, sikuiona." "Inaonyeshwa wapi?" Nikamwambia haionyeshwi popote, kwani imepotea. "Basi, mwalimu, umejuaje yaliyomo?" Darasa zima likacheka, mimi nami nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo tayari. Kengele ikalia, ikaniokoa. Makala hii ni deni langu kwake.

Kwanza picha yenyewe. Jina lake ni "The Honorable Friend", yaani Rafiki Mheshimiwa. Ilitengenezwa California na kampuni ya Jesse Lasky, ikaongozwa na Bwana Edward LeSaint, na ikatolewa na Paramount katika mwezi wa Agosti, 1916. Ilikuwa picha bubu kama picha zote za siku zile. Wachezaji walionekana wakifumbua vinywa bila ya kusikika, na maneno ya lazima yaliandikwa juu ya pazia jeupe baina ya tendo moja na jingine, huku mtu akipiga piano pembeni ili watu wasikae katika kimya.

Mchezaji mkuu alikuwa Bwana Sessue Hayakawa, Mjapani wa jimbo la Chiba, na mwenzake alikuwa Bibi Tsuru Aoki, ambaye nje ya mchezo alikuwa mke wake hasa; walioana mwaka wa 1914. Bibi huyo aliifika Marekani akiwa mtoto, mwaka wa 1899, pamoja na kundi la michezo la jamaa yake Otojiro Kawakami. Hayakawa alikuwa amekwisha kupata jina mwaka mmoja kabla, yaani 1915, katika picha iitwayo "The Cheat". Humo alicheza tajiri mmoja mkatili anayempiga mwanamke wa Kizungu chapa ya moto begani. Mtu angedhani watazamaji wangemchukia kwa uovu ule. Kinyume chake, mabibi wa Marekani walimpenda mno, hata kampuni ikaona ni hasara kumwacha awe mtu mbaya siku zote. Ndipo ikaanza kumtafutia michezo ambamo yeye ni kijana mwema. "The Honorable Friend" ni mmojawapo.

Kisa chake ni hiki. Mzee mmoja Mjapani aitwaye Kayosho, mwenye duka la vitu vya urembo vya Kijapani huko California, anaona picha ya msichana aitwaye Toki-Ye, anamtamani. Lakini yeye ni mzee, tena si mtu wa kupendeza. Basi anamtumia kijana Makino, aliye chini yake, ili msichana aletwe kutoka Japani kwa jina la kijana huyo. Msichana anashuka melini, anamwona Makino, na wale wawili wanapendana kweli. Mzee anakasirika, anadai mali yake kana kwamba msichana ni mzigo ulioagizwa kwa meli. Kisha mzee anaonekana ameuawa. Makino, akidhani kwamba labda mkewe ndiye aliyefanya tendo lile, anakubali kosa mwenyewe ili amwokoe. Baadaye muuaji wa kweli anajulikana kuwa mtu mwingine, na mume na mke wanarudi nyumbani kwao.

Kijana wa leo ataona kisa hiki ni cha kubuniwa tupu. Si hivyo. Mapatano baina ya Marekani na Japani ya mwaka wa 1907 na 1908 yaliwazuia vibarua wa Kijapani wasiingie tena, lakini mke aliruhusiwa kumfuata mumewe. Kwa hiyo wanaume wengi waliokuwa wakilima na kufyeka huko California na Hawaii walipeleka picha zao nyumbani, wazee wakawachumbia, ndoa ikaandikwa Japani bwana arusi akiwa ng'ambo ya bahari, na bibi arusi akapanda meli akiwa na picha mkononi. Bandarini walisimama wanawake kwa safu, kila mmoja akitazama picha yake na kutazama nyuso za wanaume. Wengine waliona kwamba picha ile ilipigwa miaka 10 au 15 nyuma, au ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Mwaka wa 1920 serikali ya Japani iliacha kutoa pasi kwa mabibi arusi wa namna hiyo, na mwaka wa 1924 Marekani iliwafungia Wajapani mlango kabisa. Mchezo huu basi ulikuwa juu ya jambo lililokuwa likitokea bandarini San Francisco mwaka ule ule uliochezwa. Ndiyo sababu mimi nasikitika kwamba umepotea. Ungekuwa hadithi ya mapenzi tu, nisingejali sana.

Jambo moja sitalipita. Mzee Kayosho, Mjapani mbaya, hakuchezwa na Mjapani. Alichezwa na Bwana Raymond Hatton, Mmarekani mweupe wa jimbo la Iowa, aliyepakwa rangi na kutengenezwa macho. Wajapani wenyewe walikuwako tele mahali pale pale, akina Goro Kino na wengineo, nao walipewa sehemu nyingine. Fikirini maana yake.

Sasa, picha hupoteaje? Kitabu kikiharibika huwa kimoja, na vingine vimebaki. Lakini picha za zamani zilichapwa juu ya utepe wa seluloidi uliotengenezwa kwa nitreti, kitu kilicho ndugu ya baruti. Utepe huo huwaka upesi ajabu, na ukiisha kushika moto huendelea kuwaka hata ukizamishwa katika maji, kwa kuwa hujitolea hewa yake wenyewe. Mwaka wa 1937 ghala la kampuni ya Fox huko New Jersey liliungua, na picha bubu nyingi za kampuni ile zikaisha siku moja. Hata usipoungua, utepe huoza wenyewe: hunata, hutoa povu na harufu kali, mwisho huwa unga wa rangi ya kahawia. Tena ndani yake mna fedha, ile madini, na kampuni ziliyeyusha tepe nyingi ili kuipata. Msishangae sana. Baada ya mwaka wa 1929 picha zenye sauti zilikwisha kushinda, na picha bubu ilikuwa bidhaa isiyo na mnunuzi, inayokula nafasi ghalani na kuhatarisha nyumba. Kampuni ya Universal iliziharibu picha zake bubu zilizosalia kwa makusudi mwaka wa 1948. Katika mwaka wa 2013 maktaba kuu ya Marekani ilitoa hesabu yake: picha bubu ndefu zilizotengenezwa nchini humo tangu 1912 hata 1929 zilikuwa 10,919, na katika kila 100 ni 14 tu zilizobaki kamili kama zilivyotolewa. Sabini zimepotea kabisa. Hizo nyingine ni vipande, au nakala hafifu, au nakala zilizotoka nchi za ng'ambo.

Ng'ambo hasa ndiko zinakopatikana. Picha ilianza safari yake katika miji mikubwa, ikaenda miji midogo, kisha nchi za mbali, na ilipofika mwisho wa njia hakuna aliyetaka kulipa nauli ya kuirudisha. Huko Dawson, mji wa wachimba dhahabu kaskazini kabisa mwa Kanada, watu walizifukia tepe katika shimo la bwawa la kuogelea. Mwaka wa 1978 mashine ya kuchimba ikazifukua, zaidi ya tepe 500, nyingi zikiwa bado zatazamika kwa sababu ardhi ya kule ni barafu mwaka mzima. Picha nyingine ya Hayakawa na mkewe, "The Dragon Painter" ya mwaka wa 1919, ilidhaniwa imepotea hata nakala yake ikaonekana Ufaransa, nayo ikatengenezwa upya mwaka wa 1988. Sisi nasi wa Afrika Mashariki tulikuwa mwisho wa njia. Unguja ilikuwa na jumba kubwa la sinema, Royal, tangu mwaka wa 1921, siku za picha bubu. Lakini pwani yetu haina barafu. Joto na unyevu ndivyo viozeshavyo nitreti kuliko kitu kingine, na jumba lile lenyewe liliteketea kwa moto mwaka wa 1954.

Nirudi kwa swali la kijana wangu: umejuaje? Nimejua kwa karatasi. Kampuni zilipotaka kulinda haki yao zilipeleka maelezo ya kisa serikalini, na maelezo hayo yamehifadhiwa. Magazeti ya biashara ya sinema yalichapa hadithi ya kila picha, majina ya wachezaji, urefu wake na tarehe ya kutolewa. Magazeti ya miji yalichapa matangazo na maoni. Mpiga picha wa kawaida naye alisimama kando ya kamera akawapiga wachezaji ili picha zao zitumike katika matangazo. Mwanahistoria hukusanya vipande hivi, akavilinganisha, kama mtu anayeokota vigae vya chungu na kukisia umbo lake.

Lakini tahadharini hapa, nyote mnaotaka kuwa wanahistoria. Hadithi iliyochapwa gazetini mara nyingi iliandikwa na karani wa kampuni yenyewe, pengine kabla ya mwandishi wa gazeti kuitazama picha. Yatuonyesha yale ambayo kampuni ilitaka watu waamini. Haituambii Bibi Aoki aliitazamaje ile picha mkononi alipoteremka melini, wala watu walicheka wapi. Tena picha yenyewe yaweza kubadilishwa. Ile "The Cheat" niliyoitaja, Wajapani wa California waliipinga sana. Basi ilipotolewa tena mwaka wa 1918, wakati Japani ilikuwa rafiki wa Marekani vitani, maneno ya kwenye pazia yalibadilishwa, na tajiri yule mkatili akageuzwa kuwa mtu wa Burma. Uso ni ule ule, matendo ni yale yale, kabila limebadilika kwa kalamu. Hapakuwa na Waburma wengi California wa kulalamika.

Burma! Wazee wetu wa Ankole na kwingineko Uganda waliokwenda na King's African Rifles waliijua Burma kwa miguu yao. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope hata ikafika mto Chindwin, ikipigana na Wajapani. Wazee hao walirudi na habari za Mjapani adui, na wajukuu wao walipotazama "The Bridge on the River Kwai" ya mwaka wa 1957 walimwona afisa wa Kijapani mwenye uso wa jiwe, Kanali Saito. Kanali yule ni Hayakawa yule yule, sasa mzee wa miaka 70 hivi. Kwa kazi hiyo alitajwa miongoni mwa walioshindania tuzo ya Academy, asiipate. Alifariki Tokyo mwaka wa 1973. Watu wengi waliomjua kwa mchezo ule mmoja hawakujua kwamba miaka 40 nyuma alikuwa kijana aliyewaliza mabibi.

Baadhi yenu mtasema, mambo haya ni ya mbali. Sawa, basi nije karibu. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, tangu mwaka wa 1935 hata 1937, palikuwa na watu waliokuwa wakitengeneza picha za sinema kwa ajili ya Waafrika, nao wachezaji wakiwa Waafrika. Kazi hiyo ilianzishwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Mkuu wa kazi alikuwa Meja Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na pamoja naye Bwana Latham, aliyekuwa mkubwa wa elimu huko Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza picha 35. Utepe wao ulikuwa mwembamba, wa milimita 16, nao ulikuwa bubu. Sauti ilitiwa katika santuri iliyopigwa wakati ule ule picha ikionyeshwa. Walifanya hivyo kwa akili: picha moja iliweza kusema Kiswahili leo na lugha nyingine kesho, kwa kubadilisha santuri tu. Wakazichukua kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda hapa kwetu, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Nyingine zilikuwa za mafundisho matupu, juu ya safura, ng'ombe na mashamba. Lakini nyingine zilikuwa michezo hasa. Ya kwanza ilihusu benki ya posta: vibarua wawili wanalipwa mshahara, mmoja anaweka fedha zake posta, mwenziwe anazifukia ardhini, na mwizi yuko karibu anatazama. Iliyoitwa "Gumu" ilihusu kijana wa shamba aliyekwenda mjini akaharibika. Ilikuwako pia hadithi ya Sungura na Chui. Watengenezaji waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda upesi, kwa hiyo mambo yote yalionyeshwa polepole na kwa kurudia-rudia. Mimi sijui kwa nini mtu anayeweza kufuata methali na mafumbo ya bibi yake usiku kucha ashindwe kumfuata mwizi mmoja na shimo moja! Lakini ndivyo walivyoamini, na wakaandika hivyo katika kitabu chao cha mwaka wa 1937, "The African and the Cinema". Mwaka huo huo fedha za Carnegie zilikwisha, serikali za nchi zetu hazikukubali kulipa, na kazi ikafa.

Katika picha 35, zinazojulikana kubaki ni 3 tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza: moja ya mafunzo ya uganga wa wanyama, moja ya safura, na moja ya mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro. Zote tatu ni za mafundisho. Michezo imepotea. Yule kibarua mwenye akili, yule mwenziwe, yule mwizi, Gumu aliyeharibika mjini, Sungura na Chui, hakuna anayeweza kuwaona tena.

Hapo ndipo naona tofauti ya picha hizi na ile ya California, na ndiyo iliyonifanya niandike. "The Honorable Friend" imepotea, lakini Hayakawa na Aoki hawakupotea. Majina yao yalikuwa juu ya matangazo kwa herufi kubwa, kwani kampuni ilikuwa ikiuza tikiti kwa majina hayo. Picha za Vugiri hazikuuzwa kwa jina la mtu. Juu ya jalada la kitabu mna majina mawili, Notcutt na Latham, ya waliosimama nyuma ya kamera. Waliosimama mbele yake walikuwa watu wa pale pale, wakacheza, wakalipwa, wakarudi kwao. Katika miaka ile ile, mwaka wa 1935, picha ya Kiingereza iitwayo "Sanders of the River" ilimtumia mwanafunzi mmoja wa Kenya aliyekuwa akikaa London, acheze kama mmoja wa machifu wadogo. Jina lake halikuandikwa kwenye pazia. Leo kila mtu anajua kwamba alikuwa Jomo Kenyatta. Lakini twajua kwa sababu baadaye alikuwa Rais, wala si kwa sababu mtu wa sinema alijali kuliandika.

Wazee wa shule mtakumbuka lori za sinema za serikali zilizopita vijijini, na bwana mmoja aliyesimama na kipaza sauti akieleza kila kinachoonekana, akitia na mzaha wake. Vijana mnaoshuka mjini Mbarara siku za likizo kutazama picha katika vibanda mnajua kazi hiyo haikufa; huyo mnayemwita VJ anafanya kazi ile ile, na Wajapani wa zamani walikuwa na watu wa namna hiyo katika kila jumba la picha bubu, wakaitwa benshi, wakapendwa kuliko wachezaji. Maneno yao yalipotea kila usiku taa zilipowashwa. Hayo nayo ni sehemu ya picha, wala hayamo katika gazeti lolote.

Nilimwita kijana wangu nikamsomea haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Alisikiliza kimya mpaka nilipotaja mashamba ya mkonge. Akasema, "Mwalimu, babu yake mama yangu alitoka Urundi akawa manamba Tanga. Alikaa miaka mingi, akarudi na blanketi na taa." Nikamwuliza kama mzee huyo aliwahi kusimulia habari za picha zilizoonyeshwa usiku, au za watu waliochukuliwa kuchezeshwa. Akasema hajui, kwani hakuna aliyeuliza. Lakini bibi yake yuko hai huko Nakivale, na ni msemaji sana. Nimempa daftari na penseli. Shule inafungwa Ijumaa.